Kufuli likishashikwa na mtaa mzima, sayansi jinai inabaki na nini?

Mtaani kwetu huku Nkuhungu, Dodoma, duka la mama mmoja lilivunjwa usiku wa kuamkia Jumapili, wakabeba simu za kuuza, vocha, hela za uwakala na kreti mbili za soda (hizo soda mpaka leo watu wanacheka, mwizi gani anatembea na kreti usiku zinagongana chupa). Kufuli lilikatwa likaachwa pale pale kwenye vumbi mbele ya mlango. Sasa mpaka polisi wanafika saa tatu asubuhi lile kufuli lilishapita kwenye mikono kama ishirini hivi, mwenye nyumba kaliokota, jirani kaligeuzageuza, fundi wa kuchomelea kaomba aone limekatwa na nini, dogo wa boda kalishika akapiga nalo picha akaweka stetasi, na mimi mwenyewe nisiseme uongo nililipokea nikampa mwingine.

Jioni kwenye kahawa mzee mmoja akanigeukia. "Sasa si wapime DNA hapo kwenye kufuli, kesho wanamkamata? We si ulisoma haya mambo chuo?"

"Mzee wangu, hapo kwenye kufuli mpaka DNA yako ipo."

"Yangu imefikaje? Mi nilishika mara moja tu."

Nilisoma ndio, ila muhula mmoja, kozi ya utangulizi ya sayansi jinai, kazi ninayofanya leo haihusiani hata kidogo. Lakini tangu siku ile naona watu wana picha moja kichwani, kwamba kuna mashine mahali fulani, unaweka kitu upande huu, upande wa pili linatoka jina la mhalifu na pengine na namba yake ya simu. Na kwenye magrupu kila tukio likitokea utasikia "mbona hawapimi", kama vile kupima ni kupima uzito wa mahindi. Kwa hiyo naandika kile ambacho ningemwambia yule mzee kama kahawa isingeisha.

Tuanze na darasani maana ndo nilikoumbuliwa. Wengi tuliingia ile kozi tukijua wiki ya kwanza tunaonyeshwa maiti. Wiki ya kwanza tukaingizwa kwenye chumba chenye kiti kimoja, kikombe na karatasi sakafuni, tukaambiwa tuandike tunachokiona, usiguse kitu, saa mbili nzima. Mi nikaandika "kikombe kimeangushwa". Mwalimu akakata neno kimeangushwa kwa kalamu nyekundu juu yake akaandika "kimelala ubavu", akaniuliza, ulikuwepo kikiangushwa? Nilinuna siku hiyo, niliona ananitafuta. Ila ukinielewa hapo kwenye kikombe umeshaelewa nusu ya kozi.

Sayansi jinai, au forensiki kama wengi wanavyoita, ni sayansi ya kawaida, kemia, baiolojia, fizikia, hata hesabu, inayotumika kujibu swali ambalo mwisho wake ni mahakamani. Basi. Neno forensiki linatokana na neno la Kilatini forum, ule uwanja wa katikati ya mji ambapo Warumi walikuwa wanasikiliza mashauri hadharani, fikiria mkutano wa mtaa pale uwanjani watu wamezunguka na kila mtu anatoa hoja zake. Ndo maana hata CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, unasikia amefanya ukaguzi wa kiforensiki wakati hamna damu wala maiti, ni risiti na miamala tu, lakini imekaguliwa kwa namna ambayo itasimama mbele ya hakimu. Na ndo maana wazazi wanaoniuliza kama mtoto wa mchepuo wa sayansi, PCB au CBG, anafaa nawaambia anafaa sana, ila ajiandae na takwimu na kuandika ripoti, watoto wengi wanakimbilia bunduki na damu wanakutana na takwimu.

Watu pia wanachanganya nani anafanya nini. Mpelelezi ndo anatafuta mtu, anahoji, anaunganisha habari. Mtaalamu wa maabara yeye anapewa kitu na swali, anajibu lile swali. Daktari wa patholojia anachunguza mwili wa marehemu. Hakimu au jaji ndo anasema ana hatia au hana. Kwetu maabara ya vinasaba na sumu ni ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na polisi nao wana kitengo chao cha uchunguzi wa kisayansi kinachoshughulika na vitu kama alama za vidole, silaha na nyaraka za kughushi. Sasa ukisema "Mkemia Mkuu kamwachia mwizi" unakuwa umemwonea, Mkemia hajawahi kuwa na funguo za mahabusu.

Msingi wa yote ni wazo la Mfaransa mmoja anaitwa Edmond Locard, alianzisha maabara ya polisi mji wa Lyon mwaka 1910. Wazo lake ni kwamba vitu viwili vikigusana kila kimoja kinamwachia mwenzake kitu. Kwa mtu wa Dodoma hili halihitaji maabara. Nenda Mtumba mara moja msimu wa upepo halafu rudi nyumbani useme hukutoka, viatu vinakukana, kola inakukana, hata nyusi. Mwizi kaja na vumbi lake, kaondoka na la kwetu, kaacha jasho, kaacha nyayo. Shida ni kwamba na sisi ishirini tulioenda kuangalia tuliacha vyetu pia, tena juu ya vyake.

Hapo sasa kuna kitu kinaitwa sifa za kundi na sifa za pekee, majina makubwa lakini jambo dogo. Chukua katambuga, ndala za tairi. Ukikuta unyayo wa katambuga nyuma ya duka umejua nini? Umejua aliyepita kavaa katambuga, na huku kwetu hao ni wengi mno. Ukipima urefu ukapata saizi tisa umepunguza watu lakini bado ni kijiji kizima. Sasa ukikuta kisigino cha kushoto kimelika upande wa nje na kuna mkato wa kona kona hapo katikati kwa sababu alikanyaga kioo siku moja, hapo unaanza kuongea lugha nyingine. Wafugaji walijua hii kabla ya vyuo, ng'ombe akiibiwa wanafuata kwato na kuna wazee wanakwambia huyu ni yule mwenye ukucha uliovunjika. Na China mwaka 1247 jaji mmoja, Song Ci, aliandika kisa cha mtu aliyeuawa kwa mundu, mchunguzi akaamuru kila mwenye mundu aulete auweke chini juani, nzi wakaacha miundu yote wakatua kwenye mmoja. Ulikuwa umeoshwa, ila pua ya nzi siyo ya mtu.

Ushahidi mwingi mtaani na mahakamani ni wa kundi, siyo wa pekee, na hapa ndo watu wanapigwa. Unywele kwa mfano. Miaka mingi Marekani wataalamu walikuwa wanaangalia nywele mbili kwenye hadubini wanasema zinafanana, mtu anafungwa. Mwaka 2015 FBI wenyewe, wale wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani, wakakiri kwamba kwenye kesi walizozipitia upya, zaidi ya asilimia 90 wataalamu wao walisema mambo yanayozidi uwezo wa sayansi yenyewe. Siyo lazima kwamba wote walifungwa kimakosa, ila kilichosemwa kizimbani hakikuwa na miguu.

Sasa turudi kwenye kikombe. Kila kielelezo kina maswali matatu yamepangana kama ngazi. Hiki kimetoka kwa nani? Kimefikaje hapa? Na aliyekiacha ana kosa? Maabara ina nguvu kwenye swali la kwanza, kwenye la pili inajikongoja, la tatu haliihusu kabisa. Watu wakisikia "DNA yake imekutwa" wanaruka kutoka ngazi ya kwanza mpaka ya tatu bila kukanyaga katikati. Tukipima lile kufuli letu kwa haki kabisa, mtuhumiwa namba moja ni dogo wa boda, maana ndo alilishika kwa muda mrefu akitafuta angle ya picha, na mwizi kama alivaa glavu hayupo kabisa hapo.

DNA yenyewe, Kiswahili vinasaba, ni yale maelekezo yaliyomo ndani ya seli, nusu umepewa na mama nusu na baba. Binadamu tunafanana kama asilimia 99.9, kwa hiyo maabara haisomi yote, inakwenda kwenye sehemu chache zinazojulikana kutofautiana sana na inahesabu pale vipande vimejirudia mara ngapi. Marekani tangu 2017 wanatumia sehemu 20. Chukulia kama namba ya pikipiki. Pikipiki imekugonga ikakimbia, ukiwaambia polisi inaanza na MC hujawaambia kitu maana zote ni MC. Ukitaja tarakimu moja, mbili, tatu, orodha inapungua, ukimaliza na herufi zote imebaki moja. Sampuli nzuri ni kama namba nzima, sampuli mbovu ni namba yenye matope umeona tarakimu mbili tu, na kufuli la watu ishirini ni namba ishirini zimepakwa rangi juu ya kibao kimoja, uanze kubishana huyu 7 ni wa nani.

Hapo kwenye namba zenye matope kuna mtego wa hesabu ambao hata mawakili unawashika. Tuseme mtaalamu anasema uwezekano wa mtu yeyote tu kufanana na sampuli hii ni mmoja kwa milioni. Watu wanasikia "basi uwezekano kwamba hana hatia ni mmoja kwa milioni". Hapana bana. Sensa ya 2022 ilituhesabu Watanzania 61,741,120, kwa hiyo kwa hesabu hiyo kuna watu kama 60 nchini wanaoweza kufanana na hiyo sampuli, na mkoa wa Dodoma peke yake wenye watu milioni 3 na ushee unaweza kuwa na watatu hivi. Kama mlimpata mtu kwa sababu nyingine, alionekana, anauza zile simu Sabasaba, na halafu DNA ikakubali, hapo ni moto. Kama mlimpata kwa DNA hiyo tu bila kitu kingine, ni mmoja kati ya sitini. Sampuli kamili inakwenda mbali zaidi ya milioni, hiyo ni kweli, ila nani kakuhakikishia sampuli ilikuwa kamili, uliza hilo kwanza. Na mapacha wa kufanana hawatenganishwi na kipimo hiki cha kawaida, hao alama za vidole ndo zinawatofautisha maana zinatengenezwa tumboni kila mtoto kivyake.

Kuna kisa cha Ujerumani nakipenda sana. Kwa miaka mingi polisi walikuwa wanamtafuta mwanamke mmoja ambaye DNA yake ilikutwa kwenye matukio kama 40, Ujerumani, Austria, mpaka Ufaransa, mauaji humo, wizi mdogo mdogo humo, mpaka polisi mwenzao aliyeuawa Heilbronn mwaka 2007. Mwanamke hatari kuliko wote Ulaya, hajulikani sura. Mwaka 2009 ikagundulika ni mfanyakazi wa kiwanda kilichokuwa kinatengeneza vile vijiti vya pamba wanavyotumia kuchukulia sampuli. Vilikuwa safi dhidi ya vijidudu, ila havikuwa safi dhidi ya DNA. Maabara haikukosea hata mara moja, kila mara ilijibu sahihi kabisa kwamba hii DNA ni ya mwanamke yule yule. Ni lile swali la pili, imefikaje hapa, ndo lilikaa miaka yote hiyo bila jibu.

Lakini pia nisiwatishe. Aliyegundua namna ya kutofautisha watu kwa DNA ni Alec Jeffreys wa chuo kikuu cha Leicester, Uingereza, mwaka 1984, na mara ya kwanza kutumika kwenye mauaji ilimwokoa mtu. Wasichana wawili waliuawa eneo hilo, kijana mmoja akakiri kosa moja polisi, kipimo kikaonyesha siyo yeye. Angalia hapo, mtu kakiri na siyo yeye. Wakaanza kuchukua sampuli za wanaume, zaidi ya 5,000, hamna aliyelingana, kumbe muuaji alimtuma mfanyakazi mwenzake akatoe damu kwa jina lake. Kilichomponza ni yule mwenzake kulisimulia jambo hilo baa, mtu akasikia akaenda kuripoti. Yaani teknolojia mpya kuliko zote duniani halafu jamaa anakamatwa kwa umbea wa baa, 1988 akafungwa maisha.

Nikishika DNA siwezi kuacha hili la watoto, maana ndo swali ninaloulizwa zaidi na wanaume wananivuta pembeni. Zile asilimia zinazozungushwa mtandaoni kwamba watoto wengi waliopimwa siyo wa baba zao, jiulize nani anaenda kupima. Anaenda mwenye wasiwasi, mwenye kesi ya matunzo, mwenye ugomvi wa mirathi. Ukikaa kwa fundi pikipiki kutwa nzima ukihesabu, utasema pikipiki zote za Dodoma ni mbovu. Takwimu ya waliopima ni ya waliopima, hairuki geti ikaingia nyumbani kwako. Na kwa Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 huendi kaunta na unywele wa mtoto kwenye leso ukasema nipimieni, maombi yanapitia kwenye mikono inayotambulika kama mahakama, ustawi wa jamii au wakili. Unywele wenyewe kama umekatwa na mkasi hauna mzizi na hapo hauna kitu cha maana kwa swali la baba, kinachopatikana kwenye shina la unywele kwa kawaida ni vinasaba vya upande wa mama tu. Kwa hiyo wale wanaokusanya nywele kinyozi poleni.

Damu nayo. Shati limekutwa na madoa mekundu, mtaa umeshahukumu, kumbe jamaa alikuwa mnadani Msalato anachinja mbuzi. Tangu mwaka 1901 Mjerumani Paul Uhlenhuth alishaonyesha namna ya kutofautisha damu ya mtu na ya mnyama kwa hiyo hilo ni swali la kale lenye jibu. Ile dawa inayong'aa bluu gizani inaitwa luminoli inang'aa kwenye damu kweli, ila inang'aa pia kwenye Jik, kwa hiyo mama aliyesafisha choo jana ana choo kinachowaka kama disko. Ndo maana kinaitwa kipimo cha awali, kinakwambia angalia hapa, basi.

Kwenye sumu sisi wa kanda ya kati tuna mfano wetu wenyewe wala siyo wa kuchekesha. Mwaka 2016 watu Dodoma na Manyara walianza kuumwa matumbo, kuvimba, macho ya njano, familia nzima nzima, na zaidi ya kumi walifariki. Unajua mtaani kikitokea kitu kama hicho lawama zinapoanzia, kuna bibi lazima atatajwa. Uchunguzi ukaonyesha ni sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi. Hiyo ni kazi ya sayansi ya sumu, na sheria yake ya kwanza ni kwamba kukuta kitu mwilini haitoshi, uliza kiasi gani, maana dawa ya presha ya marehemu mwenyewe nayo itakutwa.

Alama za vidole nitazipitia haraka. Watu wanasema NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, wanazo zetu zote kwa hiyo ni kubonyeza tu. Pale NIDA ulikanyagishwa kidole kwenye kioo safi, polepole, mara tatu tatu, na bado mzee aliyeshika jembe miaka arobaini au fundi saruji mashine ilimkataa. Sasa fananisha na kidole cha mtu anayekata kufuli gizani kwa haraka, utapata robo ya alama iliyoburuzwa. Mwaka 2004 baada ya mabomu ya treni Madrid, FBI walisema alama iliyokutwa kwenye mfuko ni ya wakili mmoja wa Oregon, wataalamu wao zaidi ya mmoja wakakubaliana, akawekwa ndani kama wiki mbili, polisi wa Hispania wakaja kusema hapana, ni ya raia wa Algeria. Kosa halikuwa la mashine. Mashine ilitoa orodha ya zinazokaribiana, binadamu ndo walioona walichotaka kuona.

Halafu kuna hili ambalo kwenye tamthilia halipo kabisa na darasani lilituchosha mpaka watu wanasinzia, mnyororo wa utunzaji wa vielelezo. Nani alikichukua, saa ngapi, kakiweka wapi, kampa nani, huyo naye kampa nani, mpaka siku kinapotolewa kizimbani, kila mkono na saini yake. Mahakama ya Rufani yetu ililieleza hili kwenye rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007 na mawakili wanaitaja mpaka leo. Baadaye mahakama hiyo hiyo ikafafanua kwamba kitu kisichobadilishika kirahisi hakibanwi sana kama unga au kete za dawa za kulevya zinazoweza kubadilishwa mfukoni dakika moja, maana ng'ombe huwezi kumbadilisha mfukoni. Kwa hiyo ukisikia mtu kaachiwa "kwa sababu ya makaratasi", hayo makaratasi ndo yanayomzuia mtu kukuwekea wewe kete.

Hata mfuko una kesi yake. Nguo yenye damu mbichi watu wanaifunga kwenye plastiki wakidhani ndo usafi. Kila mtu hapa anajua ukifunga zabibu kwenye mfuko wa plastiki ukaacha juani utakuta nini jioni. Joto, unyevu, ukungu, na DNA inaoza kama zabibu. Inakaushwa kwanza kivulini, inawekwa kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, kila kitu peke yake, inaandikwa. Simu nayo ukiikuta usianze kuperuzi kutafuta ushahidi, kila unachobonyeza kinabadilisha kitu humo ndani na baadaye hakimu atauliza ni nani alifungua hiyo meseji saa nne usiku wakati mwenye simu yuko ndani.

Nilimaliza kumweleza mzee haya yote kwa siku mbili tatu za kahawa. Kama miezi miwili mbele wakaja kuvunja banda la kuku nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nikaamka na kelele, nafika nakuta watu wamesimama mbali, kamba ya kuanikia nguo imefungwa kutoka mwembeni mpaka kwenye nguzo, mzee kashika fimbo haruhusu mtu. Katikati ya uwanja kuna beseni jekundu limefunikwa chini na jiwe juu yake.

"Chini ya hilo kuna unyayo," akaniambia kwa sauti ndogo, "upepo ungeufuta."

Nikampongeza kweli kweli, tukasubiri. Polisi akaja, akainama, akafunua beseni, akauangalia unyayo, akatoa daftari. Swali lake la kwanza likawa beseni ni la nani, nani aliliweka na saa ngapi. Mzee akaanza kuhesabu, yeye alilitoa kwa mjukuu, mjukuu alilichukua kwa jirani, jirani anasema lake ni la bluu.